Kompyuta imeikana raita, na darsa za marehemu zimo ndani ya CD

Katika nyumba nyingi za Waislamu wa Arusha, kuanzia Ngarenaro na Kaloleni hadi Sanawari na Tengeru, hapakosi kabati lenye boksi la kaseti au CD za zamani. Humo mna mawaidha yaliyonunuliwa nje ya msikiti baada ya Sala ya Ijumaa, kasida za maulidi, picha za harusi, na mara nyingine sauti ya mtu wa nyumba hiyo ambaye amekwisha kutangulia mbele ya haki. Boksi hukaa miaka bila kuguswa. Siku linapotakiwa, ndipo watu hugundua kwamba kilichohifadhiwa wanacho, lakini chombo cha kukisomea hawana.

Nyumbani kwetu boksi hilo lina CD 22. Marehemu baba yetu, Allah amrehemu, alikuwa akisomesha tafsiri ya Kurani kila Ramadhani baada ya Sala ya Alasiri, katika msikiti mdogo wa mtaani kwetu Ngarenaro. Mmoja wa wanafunzi wake aliiweka redio-kaseti karibu na mimbari na kurekodi, hadi zikapatikana kaseti 11 za dakika 90. Mwaka 2005 kaka yetu mkubwa alizihamishia kwenye CD. Aliiunganisha redio na kompyuta kwa waya, na kila kaseti ikamla saa moja na nusu, kwa kuwa sauti ya kaseti haina njia ya mkato. CD ya sauti huchukua dakika 80 tu, kwa hiyo kaseti nzima isingeingia. Kila upande wa dakika 45 ukapewa CD yake. Kazi ilipokwisha, kaseti zikagawiwa hovyo na nyingine zikatupwa. Tulidhani tumehifadhi.

Mwaka huu mama yetu aliomba asikilize darsa za mumewe. Mdogo wetu anayeishi Muscat naye akaomba nakala. Nikaifuta vumbi kompyuta ya zamani, nikaiwasha, nikatia CD ya kwanza. Hakikutokea kitu. Nilipotazama orodha ya diski niliziona C na D, lakini raita, yaani kile chombo cha kusomea na kuchomea CD, haikuwamo kabisa. Mlango wake ulifunguka na kufungwa, taa yake iliwaka, lakini kompyuta haikuitambua, kama mwenye nyumba anayemkana mgeni aliyekwisha kuketi sebuleni.

Makala haya ni kwa ajili ya familia ambazo siku moja zitakutwa na jambo hilo.

Chanzo kiko wapi?

Kosa linalofanywa na wengi, nami nililifanya, ni kukimbilia dukani kununua raita nyingine. Nilikwenda kwa fundi mmoja kijana karibu na Soko Kuu nikamwambia raita imekufa. Alinisalimu, akaniketisha, kisha akasema: "Mzee wangu, maiti haina taa. Tuitazame kwanza."

Alinifundisha kwamba kuna swali moja linaloigawa kazi nzima katika mafungu mawili: je, kompyuta inaiona raita kabla Windows haijaamka? Kompyuta inapowashwa, kabla ya kuingia kwenye Windows, hujikagua yenyewe na kuorodhesha vyombo vilivyounganishwa. Orodha hiyo huonekana kwa kubonyeza kitufe cha F2 au Delete mara tu baada ya kuwasha, kutegemea aina ya kompyuta. Ikiwa raita haimo hata humo, tatizo ni la kifaa: umeme, waya, au raita yenyewe. Ikiwa imo humo lakini Windows haiioni, raita ni nzima na tatizo liko kwenye programu. Hukumu hiyo haihitaji bisibisi wala shilingi moja, na ingeweza kuwaokoa wengi waliotupa raita nzima.

Ikiwa ni kifaa

Kwa kompyuta ya mezani, izime, chomoa waya wa umeme ukutani, kisha fungua ubavu wa boksi. Raita ina waya mbili: mmoja wa umeme kutoka kwenye pawasapulai, na mwingine wa kupeleka data kwenye mazabodi. Vichwa vya waya hizi hulegea kwa mitikisiko ya kuhama nyumba, na vumbi la mji wetu, ule unga mwembamba wa udongo wa volkano wa Mlima Meru unaopenya kila tundu wakati wa kiangazi, hujipenyeza kwenye viungo. Vichomoe, vipulize, uvirudishe mpaka vikae barabara. Isipotambulika, badilisha waya wa data au uuhamishie kwenye tundu jingine. Waya huu ni wa bei ndogo.

Kompyuta za zamani zaidi hutumia waya mpana ulio bapa kama utepe, ambao huweza kubeba vyombo viwili kwa pamoja. Nyuma ya raita za aina hiyo kuna kipini kidogo kinachoamua ipi ni ya kwanza na ipi ni ya pili. Vyombo viwili vikiwekwa vyote kuwa vya kwanza, hugombana, na kompyuta huenda isikione hata kimoja.

Wenye kompyuta mpakato zisizo na raita ndani, ambao hutumia raita ya nje ya USB, waanze na umeme. Raita inapoanza kuzungusha CD huvuta umeme mwingi, na tundu la USB lililo mbele ya boksi, au kigawanyio chenye matundu mengi, huenda lisiutoe wa kutosha. Raita huonekana, hupotea, hulia tik-tik, hupotea tena. Ichomeke moja kwa moja kwenye tundu la nyuma, kwa waya mfupi, au tumia waya wenye vichwa viwili unaovuta umeme kutoka matundu mawili.

Na ikiwa CD imekwama ndani ya raita isiyofunguka, usilazimishe kwa kisu. Zima kompyuta, tafuta kitundu kidogo kwenye uso wa raita, nyoosha pini ya kubania karatasi uisukume humo taratibu. Mlango utatoka.

Ikiwa ni programu

Raita yetu ilionekana vizuri kabla ya Windows kuamka. Fundi akatabasamu, akasema gharama imepungua. Akafungua sehemu iitwayo Device Manager, ambamo kila chombo huorodheshwa. Raita ilikuwamo, lakini pembeni mwake palikuwa na pembetatu ya njano yenye alama ya mshangao. Dawa ya kwanza ni nyepesi: bonyeza kulia juu ya jina la raita, chagua kuiondoa, kisha zima na uwashe kompyuta. Windows itaikuta kama chombo kipya na kuipanga upya. Kwa wengi mambo huishia hapo.

Kwetu hayakuishia hapo. Pembetatu ilirudi. Fundi akauliza: "Kuna programu ya kuchomea CD iliwahi kuondolewa humu?" Nikakumbuka kwamba mpwa wangu alipoweka Windows mpya juu ya ile ya zamani, aliiondoa programu ya kuchomea iliyotumiwa na kaka mwaka 2005. Hapo ndipo ilipokuwa siri. Programu nyingi za kuchomea hujiweka kati ya Windows na raita, kama mkalimani. Zinapoondolewa vibaya, mkalimani huondoka lakini jina lake hubaki kwenye rejista. Windows humngoja aje afungue mlango, na kwa kuwa haji, humkataa mgeni.

Majina yenyewe ni mawili, UpperFilters na LowerFilters, nayo hukaa ndani ya rejista ya Windows, katika fungu la vyombo vya CD na DVD ambalo namba yake huanza na 4D36E965. Microsoft wenyewe wamewahi kuelekeza kwamba maingizo hayo mawili yafutwe pale raita inapopotea na Device Manager kutoa namba ya kosa kama 19, 31, 32, 39 au 41. Hata hivyo rejista si mahali pa kuingia kwa kubahatisha. Kwanza huchukuliwa nakala ya fungu hilo. Pili, huhakikishwa kwamba ni la CD na DVD na si fungu jirani, kwa sababu majina hayohayo mawili hupatikana pia kwenye mafungu ya kibodi na vyombo vingine, na kuyafuta huko ni kuzua balaa jipya. Tatu, kompyuta huzimwa na kuwashwa. Asiyewahi kufanya kazi hiyo na amwachie fundi.

Fundi alifuta, akawasha upya, na herufi E ikajitokeza kwenye orodha. Nilimlipa shilingi 15,000 pamoja na dua.

Amana ya fundi na amana ya mwenye kompyuta

Kabla ya kuendelea, liko jambo ambalo ukurasa wa familia hauwezi kulipita. Kompyuta ya nyumbani si chombo kitupu. Ndani yake mna picha za wake zetu na binti zetu bila ya hijabu, video za harusi za upande wa wanawake, barua na hesabu za nyumba. Tunaipeleka kwa mtu tusiyemjua na kuiacha siku tatu. Uislamu umetuamrisha kurudisha amana kwa wenyewe, na fundi Mwislamu anajua kwamba kufungua jalada asilohitaji kwa kazi yake ni kuingia nyumba ya mtu bila ya idhini. Lakini mwenye mali naye ana wajibu wa kutoitia amana majaribuni. Hamisha picha za familia kwenye diski nyingine kabla ya kutoka nyumbani. Keti na fundi mpaka amalize, kwani kazi ya raita kwa kawaida si ya siku nyingi. Na ukiuza kompyuta ya zamani, usiiuze pamoja na diski yenye mambo ya nyumba yako.

CD nayo huchoka

Raita ilipotambulika, nilidhani tumevuka mto. Kumbe CD zenyewe zilikuwa na habari zao. CD ya dukani yenye kasida hupigwa muhuri kiwandani, lakini ile tunayoichoma nyumbani hufanywa kwa njia nyingine. Ndani yake mna tabaka la rangi, na mwali wa leza huichoma rangi hiyo katika vidoa vidogo mno. Ndiyo sababu neno "kuchoma" ni la kweli na si la mzaha. Rangi hiyo hufifia kwa jua, joto na unyevu. Tabaka la kung'aa lililo juu yake halikulindwa na plastiki nene kama upande wa chini. Liko juu kabisa, karibu na maandishi, likifunikwa na ngozi nyembamba tu. Watu huulinda upande wa chini usikwaruzike, kisha huandika upande wa juu kwa kalamu ngumu ya wino. Kalamu hiyo huuumiza moyo wa CD.

Tulizipitia moja baada ya nyingine. Chafu tuliipangusa kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni na si kwa kuzungusha. Siku hizo za baridi ya Julai, ukungu wa Meru ulipokuwa umeshuka mpaka Sakina, tulijifunza pia kwamba raita iliyotoka stoo yenye baridi na kuingia chumba chenye moto wa jiko hutokwa na jasho kwenye lenzi, na huhitaji kama saa moja kabla ya kuwashwa. Na jambo jingine la kujua: raita inaweza kusoma DVD na kugoma kusoma CD, kwa sababu leza za vitu hivyo viwili si moja. Hiyo si dalili kwamba CD zako zimekufa.

CD 19 zilisomeka zote. Moja ilisomeka nusu. Moja ilikuwa na alama ya kalamu iliyozama hasa juu ya darsa. Ya mwisho ilibandikwa karatasi ya jina, na karatasi ilipobanduka iliondoka na tabaka la kung'aa, ikabaki plastiki ngumu inayopitisha mwanga kama kioo cha dirisha. Katika darsa 22, mbili hazipo tena duniani, na ya tatu imebaki nusu. Kaseti zake tulizitupa wenyewe.

Nakala moja si hifadhi

Umma huu una funzo la kale katika jambo hili. Katika ukhalifa wa Sayyidna Abubakar (r.a), mahafidhi wengi waliuawa katika vita vya Yamama. Sayyidna Umar (r.a) akahofia, akashauri Kurani ikusanywe katika maandishi, na kazi hiyo akakabidhiwa Zayd bin Thabit (r.a), ambaye hakutosheka na kifua chake mwenyewe ingawa alikuwa mwandishi wa wahyi. Baadaye Sayyidna Uthman (r.a) akaamuru zinakiliwe nakala na kupelekwa katika miji mikuu ya Waislamu. Kitabu cha Allah kina ahadi ya kuhifadhiwa kutoka kwa Mwenyewe, na bado masahaba walichukua hatua. Vipi sisi na vitu vyetu visivyo na ahadi yoyote?

Hapa Arusha pia tunao mfano ulio karibu. Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, iliyofanya kazi mjini humu hadi ilipofungwa tarehe 31 Desemba 2015, ilirekodi sauti na picha za mashauri yake. Kumbukumbu hizo sasa zimo katika majengo ya Lakilaki, nje kidogo ya mji, na watunzaji wake wamefanya kazi ya kuzihamisha kutoka kwenye kanda kwenda kwenye mifumo ya kisasa. Wenye fedha na wataalamu wanajua kwamba kanda haingoji. UNESCO nayo imewahi kuutahadharisha ulimwengu kuwa mashine za kuchezea kanda zinatoweka haraka kuliko kanda zenyewe.

Familia haihitaji jengo. Inahitaji nakala tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje au flashi, na ya tatu katika nyumba nyingine kabisa, kwa ndugu aliye Moshi, Tanga au ng'ambo, ili moto au mwizi wa nyumba moja asizibebe zote. Ukubwa wake si tatizo. Saa zote 16 na nusu za kaseti 11 za baba, zikigeuzwa kuwa MP3 ya kiwango kinachotosha kwa sauti ya mzungumzaji, zinaingia katika CD moja ya MB 700 na nafasi inabaki. Kila mwaka, pengine kila Shaaban wakati wa maandalizi ya Ramadhani, mtu mmoja wa familia afungue nakala hizo na kuzisikiliza kidogo, ajue kama ziko hai.

Mama yetu hata hivyo hana haja na flashi. Ana redio ya CD kando ya msala wake, basi nikamchomea CD za sauti upya. Nilichoma kwa mwendo wa polepole, na mwishoni nikaifunga kila CD kwa kuchagua amri ya kukamilisha. CD isiyofungwa husomeka kwenye raita iliyoichoma na kukataliwa na redio, na wengi hudhani redio ndiyo mbovu.

Darsa isiyokuwamo

Jioni ya kwanza alisikiliza bila ya kusema neno. Nyuma ya sauti ya baba ilisikika mvua juu ya bati, mtoto akilia, na kikohozi cha mzee aliyekuwa akiketi safu ya mbele, ambaye naye ametangulia. Ilipomalizika nilimweleza kuhusu zile mbili zilizopotea, nikamtajia sura zilizosomeshwa humo. Nilitarajia ahuzunike.

"Hiyo ya pili naijua, mwanangu," alisema. "Nilikuwa upande wa wanawake, nyuma ya pazia. Alianza na sababu ya kuteremka, akaingia katika maana, kisha akatoa mfano wa mfereji wa maji unaotoka mlimani, kwamba aliye juu akiuzuia, wa chini hana shamba." Akaendelea karibu nusu saa, kwa mpangilio, kama aliyeisikia jana.

Mtume (s.a.w) ametufundisha kwamba elimu yenye manufaa ni miongoni mwa mambo ambayo thawabu zake hazikatiki kwa kifo cha mwenyewe. Tuliihangaikia raita wiki mbili kwa ajili hiyo, wala hatujutii. Lakini nusu ya tulichokuwa tukikitafuta kilikuwa kimeketi kwenye msala, na hakuna aliyewahi kukiuliza.

Kesho yake niliiweka simu mbele ya mama, nikabonyeza kitufe cha kurekodi, nikamwomba aanze tena kuanzia mwanzo. Darsa ile sasa imo katika nakala tatu, kwa sauti yake. Ndugu msomaji, ikiwa nyumbani kwako yupo mzee mwenye kumbukumbu ya namna hiyo, usingoje raita itengenezwe.